Nani anajua gari langu liko wapi?

SWALI: Mtaalamu, hujambo. Mimi ni mama wa biashara hapa Nakuru, nakaa Section 58. Nilinunua Toyota Harrier kutoka kwa bwana mmoja aliyeliagiza Japani akalitumia hapa kwa miaka miwili. Shemeji yangu ndiye aliyetuunganisha. Sehemu ya pesa nilikopa, na kampuni ya mkopo ikafunga traka, kile kifaa cha kufuatilia gari. Mwezi uliopita niliteremka Busia kuchukua bidhaa, nikalala Kisumu kwa rafiki yangu, mtaa wa Milimani. Nikiwa Busia, afisa wa mkopo akanipigia: "Mama, gari linafanya nini mpakani?" Na sijawahi kuchelewesha hata shilingi. Siku chache baadaye shemeji akaniuliza kwa utani nilikuwa kwa nani Milimani. Sikuwa nimemwambia mtu. Tena kila nikiwasha gari kuna sauti ya mwanamke inanisemesha Kijapani. Je, ni Wajapani wananifuata, ni hao wa mkopo, au ni shemeji? Na ninaweza kuing'oa hiyo traka?

JIBU: Dada, nianze na swali lako la mwisho, maana hilo ndilo linaloweza kukuponza leo jioni. Traka usiing'oe. Soma mkataba wako wa mkopo, utakuta kifungu kinachosema kwamba kuchezea au kuondoa kifaa ni kuvunja mkataba. Mikataba mingi ya aina hii inacho. Ukishauvunja, watu uliokuwa ukiwalipa kwa wakati wanapata sababu ya kuja na bredauni kulivuta gari, na wewe ndiye utakayebaki unajieleza. Hasira yako ni halali, ila tutaipeleka kwenye karatasi, na chini nitakuonyesha namna.

Huyo mwanamke wa Kijapani tummalize haraka. Anakuambia hujaweka kadi. Ni kifaa cha ETC, kinachotumika kulipia barabara za kulipia huko Japani, na kila gari likiwashwa kinaitafuta kadi yake. Kinaongea na mageti ya Japani kwa redio ya masafa mafupi, na kutoka Nakuru hadi Busia hakuna geti linalomsikia. Wapo wenye magari wanaompenda, wanamwitikia kabisa asubuhi. Wewe kama anakukera, fundi wa umeme wa gari atachomoa plagi yake na atanyamaza. Habari za Milimani hana.

Lakini sicheki wazo lako la Wajapani. Mei 2023 Toyota yenyewe ilitangaza kwamba data za magari ya wateja wapatao milioni 2.15 nchini Japani zilikuwa wazi kwenye wingu, yaani kompyuta za kuhifadhi data mtandaoni, kwa sababu ya mpangilio mbaya wa mfumo, tangu Novemba 2013 hadi Aprili 2023. Karibu miaka 10. Zilizokuwa wazi ni namba ya kifaa cha ndani ya gari, namba ya chesi, mahali gari lilipo na saa lilipokuwa hapo. Walioguswa ni wateja waliojiunga na T-Connect, G-Link na G-Book, huduma za Toyota za kuunganisha gari na mtandao. Kampuni ilieleza kwamba data hizo peke yake hazimtaji mwenye gari. Sawa, ila namba ya chesi ni ile ile iliyo kwenye logbuku yako, na magari ya miaka hiyo ndiyo yaliyojaa kwenye yadi zetu, kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Hata hivyo kilichokuwa wazi ni gari lililala wapi likiwa bado kwao. Huduma zile ni za mkataba wa Japani na hutegemea mtandao wa simu wa Japani. Gari likishateremka Mombasa, kisanduku chake kwa kawaida hakina tena wa kuzungumza naye.

Kitu cha Kijapani ambacho mimi ningekishughulikia ni redio yako, ile yenye skrini. Ndani yake mara nyingi bado mna anwani ya nyumbani ya mwenye gari wa kwanza, majina ya watu waliompigia, na sehemu alizozoea kwenda. Na kama bwana aliyekuuzia aliunganisha simu yake kwa bluetuthi, na orodha yake ya majina imo. Wewe nawe ukiunganisha yako ukakubali kila redio inachouliza, unaiachia majina yako yote na simu ulizopiga. Siku ukiuza gari, yatamfuata mnunuzi. Mwombe fundi airudishe redio kama ilivyotoka kiwandani kabla hujaizoea, na akuhakikishie kwanza kwamba haitadai namba ya kufungulia iliyobaki Japani, kwa maana redio nyingine hufanya hivyo na ukabaki na kioo cheusi.

Sasa tuje kwenye kiini chenyewe. Watu wengi huamini kwamba GPS ndiyo inayowachoma. GPS haimwambii mtu kitu. Setilaiti ziko juu yapata kilomita 20,200, zinatangaza saa na mahali zilipo, na kipokezi cha kwenye gari au simu yako kinazisikiliza tu na kupiga hesabu. Ni kama redio yako ikikamata taarifa ya habari: mtangazaji hajui kama unamsikiliza ukiwa jikoni au sebuleni. Ili mtu aliyeko kwingine ajue ulipo, lazima gari liwe na laini ya simu ya kupeleka habari, na lazima awepo mtu mwenye akaunti na nywila ya kuzipokea. Kwa hiyo usipoteze muda kuuliza kifaa gani kinajua uliko. Karibu vyote vinajua. Uliza: laini ni ya nani, na nywila iko kwa nani?

Tuanze na traka unayoijua. Ni kisanduku cha plastiki kinachotosha kwenye kiganja. Ndani mna kipokezi cha GPS, laini ya kawaida ya mtandao wa hapa nchini, na betri ndogo ya kukiweka hai mtu akikata umeme. Nyaya zake huwa hivi: mmoja kwenye umeme wa betri, mmoja kwenye bodi, wa tatu kwenye swichi ili kijue gari limewashwa, na mara nyingi kuna wa nne unaokwenda kwenye relei, yaani swichi ya umeme, ya pampu ya mafuta. Huo wa nne ndio unaompa mtu aliyekaa ofisini uwezo wa kulizima gari lako. Gari likitembea, kifaa hutuma mahali, mwendo na saa kila baada ya sekunde kadhaa. Likilala, hutuma mara moja moja. Rekodi hukaa kwenye seva, kompyuta za kampuni ya traka, miezi mingi. Mtu mwenye nywila anaweza kuirudisha safari yako ya Busia aione ikitembea kwenye ramani: Salgaa, Kericho, Awasi, Ahero, na gari likisimama usiku kucha mbele ya geti fulani Milimani.

Simu uliyopigiwa Busia, kwa maoni yangu, haikutokana na mtu aliyekaa akikutazama. Mifumo hii huwekewa uzio kwenye ramani, na makampuni ya mikopo hupenda kuuzungushia miji ya mpakani kama Busia, Malaba na Namanga, kwa sababu gari likishavuka, kulirudisha ni kesi nyingine kabisa. Likiingia ndani ya uzio, kompyuta inatoa ishara na afisa wa zamu anashika simu. Kampuni ina haki ya kulinda dhamana yake, na hilo silipingi. Ninachopinga ni kukufungia uzio bila kukuambia, halafu kukuhoji kama mshukiwa. Mama anayelipa vizuri alistahili sentensi mbili kwenye mkataba: tutapata ishara ukifika mpakani, na tutakupigia.

La shemeji ni jingine. Milimani si mpakani, na hakuna kampuni yenye shughuli na kujua ulilala wapi Kisumu. Hapo kuna mtu aliyesema, au kuna jicho la pili. Na kabla hatujafika mbali, dada, Kisumu nayo si kubwa kiasi hicho. Harrier la namba anayoijua mtu wenu linaweza kuonekana getini na habari zikafika Nakuru kabla yako bila teknolojia yoyote. Liweke hilo akilini usije ukavunja undugu bure.

Ninayemshuku kuliko wote ni bwana aliyekuuzia, na huenda hana hata nia mbaya. Alikaa na gari miaka miwili. Watu wengi wenye magari ya bei hiyo hufunga traka, kwa hofu ya wezi au kwa sababu bima imetaka. Akikuuzia, mnahamisha umiliki kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, logbuku inasoma jina lako, kila mtu anakwenda zake. NTSA haihamishi nywila. Programu inabaki kwenye simu yake, na gari lako linaendelea kuonekana kama kinukta cha kijani hadi ada ya mwaka iishe. Ni rafiki wa shemeji yako. Wamekaa mahali wanakunywa chai, mmoja anauliza "lile Harrier linaendeleaje?", mwingine anafungua simu. Nimeondoa traka za namna hiyo kwenye magari ya watu ambao hawakuwahi kuota kwamba zimo.

Jinsi ya kuitafuta. Mpate fundi wa umeme wa gari, si wa injini, na ukae naye. Mwambie afungue chini ya usukani, nyuma ya kile kisanduku cha mbele ya abiria, karibu na fyuzi, chini ya kapeti ya miguuni, na pembeni kwenye buti. Atazame pia tundu ambalo mafundi huchomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Kuna traka zinazochomekwa hapo hapo bila waya. Anachotafuta ni waya usiofanana na wenzake. Nyaya za kiwandani zimefungwa pamoja kwa tepu nyeusi isiyong'aa, zimebanwa na vishikizo, zinafuata njia moja. Waya wa mtaani umemenywa katikati, ukasokotwa na mwingine kwa vidole, ukazungushiwa tepu inayong'aa na kunatanata. Ukiuona huo, ufuate hadi mwisho.

Akikipata kifaa, asikate. Makampuni mengine ya mkopo hufunga traka mbili, moja ya waya na nyingine ya betri pekee iliyofichwa mbali, ili ya kwanza ikitolewa ya pili ibaki. Ukiikata ya pili yao ukidhani ni ya muuzaji, tumerudi kwenye bredauni. Piga picha kibandiko chenye IMEI, namba ya tarakimu 15, uitumie kampuni ya mkopo kwa maandishi: hiki ni chenu? Wakisema si chao, ni chako. Kitoe, au kama kampuni ya traka inajulikana, nenda ofisini kwao na logbuku na kitambulisho waifunge akaunti ya zamani na kukufungulia mpya. Mimi hupendelea hili la pili. Traka ni kitu kizuri sana gari likiibwa, almuradi wewe ndiwe mwenye nywila.

Kama hicho kilichoachwa na muuzaji ni cha bei rahisi, cha kuagizwa mtandaoni, badilisha nywila siku hiyo hiyo. Vingi hutoka kiwandani vikiwa na 123456 na hakuna anayejisumbua. Julai 2022 watafiti wa BitSight, kampuni ya usalama wa mitandao, pamoja na shirika la usalama wa mitandao la serikali ya Marekani, CISA, walitoa onyo kuhusu traka ya MiCODUS MV720: waliikuta na kasoro sita, ikiwamo nywila hiyo hiyo, na mtu wa mbali angeweza kufuatilia gari na hata kulikatia mafuta. Kampuni hiyo ilikuwa na vifaa vyake vipatavyo milioni 1.5 katika nchi 169. Kifaa kilichonunuliwa kuzuia wizi kikawa mlango wa mwizi.

Kuna na vile vitambulishi vidogo vya bluetuthi, kama AirTag ya Apple, vinavyowekwa kwenye funguo. Mtu akikisukumia chini ya kiti, kinatumia simu za wapita njia kupeleka habari, kwa hiyo hakina laini wala waya. Betri yake ndogo hudumu kama mwaka. Tangu Mei 2024 Apple na Google wana utaratibu wa pamoja: simu yako, iwe Android au iPhone, ikitambua kitambulishi kisicho chako kinachosafiri nawe, inakuonya. Kwenye Android, ingia mipangilio, sehemu ya usalama na dharura, utakuta pa kuwasha tahadhari hizo na pa kukagua mwenyewe. Kagua ukiwa ndani ya gari, mbali na nyumbani na mbali na watu.

Halafu simu yenyewe, na hapa nitakawia kidogo, kwa sababu katika malalamiko ninayoyapokea ya "gari langu linafuatiliwa", mara nyingi gari halina hatia. Swali la kwanza: Gmail iliyo kwenye simu yako alikufungulia nani? Wengi wetu tulifunguliwa na binamu, na mtoto wa shule, na kijana wa saiba, au na shemeji siku ya kununua simu. Aliyekufungulia alichagua nywila, na pengine namba ya kurejesha akaunti ni yake. Mtu huyo anaweza kuingia kwa akaunti yako kwenye kompyuta yoyote, akafungua ile huduma ya kutafuta simu iliyopotea, na kukuona ulipo kwenye ramani. Hahitaji kugusa gari. Badilisha nywila, weka namba yako mwenyewe ya kurejesha akaunti, washa uthibitisho wa hatua mbili, na utazame orodha ya vifaa vilivyoingia; usichokitambua, kitoe. Kisha fungua Google Maps, bonyeza picha yako, ingia kwenye kushiriki mahali, uone kama kuna jina hapo. Kushiriki huko kunaweza kuwekwa bila kikomo, na ni kazi ya sekunde chache kwa mtu aliyeazima simu yako "apige moja tu". WhatsApp haina tatizo hilo kwa kiwango hicho, kwani kushiriki mahali mubashara hufika mwisho baada ya saa 8.

Ukitaka kujua ni simu au ni gari, vitenganishe. Siku moja panda matatu uende Naivasha na simu yako, Harrier likibaki nyumbani. Wiki nyingine iache simu mezani uendeshe hadi mahali usipopazoea, tuseme Molo au Njoro, usimwambie mtu. Utani wa shemeji ukifuata safari moja na usifuate nyingine, umepata njia. Asiposema kitu, hujathibitisha lolote. Watu si wajinga, na huenda ameshajua alijisahau. Ndiyo maana nimetanguliza ukaguzi wa fundi na wa simu.

Uwezekano wa tatu ni mtu wa ndani ya kampuni ya mkopo aliyefungua ramani na kumwambia anayejuana naye. Hapa sheria iko upande wako. Ibara ya 31 ya Katiba inalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu mahali ulipo kuwa data binafsi. Chini ya kifungu cha 25, data ikusanywe kwa sababu iliyotajwa na isizidi inayohitajika. Kifungu cha 26 kinakupa haki ya kujulishwa inatumiwaje, kuiona, kupinga isitumike, na kudai ya uongo irekebishwe au ifutwe. Mfanyakazi anayefichua data kwa mtu wa nje anaangukia kifungu cha 72, ambacho ni jinai, na adhabu yake ya jumla katika kifungu cha 73 hufika faini ya shilingi milioni 3 au kifungo cha miaka 10, au vyote viwili. Kusaini mkataba hakukufuta haki hizo. Kampuni inaweza kusema inafuatilia gari kwa sababu ya mkataba, na itakuwa sahihi kwa kiasi hicho. Haiwezi kusema mkataba ulimruhusu karani kumpa shemeji yako habari zako.

Andika barua fupi, kwa anwani yao ya barua pepe, bila matusi. Mimi ningeandika hivi: "Kwa mujibu wa kifungu cha 26 cha Sheria ya Ulinzi wa Data, naomba nakala ya data zote za mahali gari langu lilipokuwa tangu mlipofunga kifaa, idadi ya vifaa mlivyofunga na IMEI zake, muda mnaohifadhi data, jina la kampuni inayowahudumia kwa traka, na orodha ya watu walioangalia rekodi ya gari hili kati ya tarehe hii na hii." Hilo la mwisho ndilo litakalowafanya wakae wima. Mfumo wowote wa maana huweka rekodi ya nani aliingia, saa ngapi, akatazama gari gani. Kama karani mmoja alilitazama gari lako usiku uliolala Milimani bila sababu ya kikazi, litaonekana. Kanuni za mwaka 2021 zinawataka wakupe data zako ndani ya siku 7, bila malipo. Orodha ya walioangalia wanaweza kuibishania. Waache waikatae kwa maandishi.

Wakinyamaza au wakikuzungusha, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Kuna fomu mtandaoni, na kifungu cha 56 kinaruhusu hata kulalamika kwa mdomo. Uchunguzi unatakiwa ukamilike ndani ya siku 90. Usidhani ofisi hiyo ni ya maneno tu. Mwaka 2023 Kamishna Immaculate Kassait aliitoza Mulla Pride, kampuni ya mikopo ya simu, shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu ilizozipata kwa wengine kuwatumia ujumbe wa vitisho. Kiwango cha juu ni shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, ipi iliyo ndogo. Na kifungu cha 65 kinakubali fidia hata kama hukupoteza pesa, kwa usumbufu wa moyo peke yake.

Utasema: yote haya kwa safari moja ya Kisumu? Mwaka 2013 watafiti waliochambua data za simu za watu milioni 1.5 walionyesha kwamba nukta nne tu, kila moja ikiwa mahali na saa, zinatosha kumtenga mtu na wengine wote, kwa asilimia 95 ya watu hao. Gari linalolala Section 58, linaloshinda dukani kwako, linalokwenda kanisa fulani Jumapili na kliniki fulani kila Jumanne ya kwanza, halihitaji kuandikwa jina. Na wakubwa nao hawajiwezi. Huko Marekani General Motors ilikuwa ikikusanya mahali magari yalipo, wakati mwingine kila baada ya sekunde 3, na kuuza data za uendeshaji zilizofika kwa makampuni ya bima, watu wakapandishiwa ada bila kujua kwa nini. Januari 2025 Tume ya Shirikisho ya Biashara ilitangaza hatua ya kuizuia isizipeleke kwa mashirika ya ripoti za wateja kwa miaka 5. Mwezi mmoja kabla, nchini Ujerumani, iligundulika kwamba data za magari ya umeme yapatayo 800,000 ya kundi la Volkswagen zilikuwa wazi, zaidi ya nusu yake zikiwa na mahali sahihi gari lilipoegeshwa.

Kwa hiyo siku ukiingia kwenye gari jipya la kisasa, lile linalofunguliwa kwa programu ya simu, swali ni lile lile. Muuzaji akikuonyesha jinsi ya kuwasha kiyoyozi ukiwa kitandani, mwambie akuonyeshe pia akaunti kuu imesajiliwa kwa namba ya nani. Kama ni ya kijana wa yadi aliyelijaribu, gari bado ni lake kwa upande huo, hata logbuku ikiwa mkobani mwako.

Mpangilio wangu kwako ni huu: simu leo, barua kesho, fundi Jumamosi, na kwa shemeji usiseme neno hadi majibu ya barua yarudi. Bwana aliyekuuzia umpigie tu kama mtu anayetafuta msaada: "Ulikuwa umefunga traka ya kampuni gani? Nataka niihamishe iwe kwa jina langu." Asipokuwa na la kuficha atakutajia jina la kampuni na kukutumia nywila jioni hiyo hiyo. Na mkopo ukiisha, usipokee logbuku na kuondoka kwa furaha. Dai mambo mawili kwa maandishi: kwamba akaunti ya gari lako imefungwa, na kwamba relei ya pampu ya mafuta imetolewa mbele ya macho yako, waya wa kiwandani ukaunganishwa upya.